Safari ya Ester Bulaya: Mbunge ni wa chama au ni wa wananchi?

Yapo maswali ambayo kila baada ya uchaguzi yanarudi tena kwenye simu na jumbe za wasikilizaji wetu. Mbunge wa viti maalumu anachaguliwa na nani, mbona kwenye karatasi ya kura hatumwoni? Mbunge akihama chama, kwa nini anapoteza ubunge wakati waliomchagua ni sisi? Na chama kikimfukuza, sisi wapiga kura tunabaki na nani?

Tumeona njia nyepesi ya kuyajibu ni kufuata safari ya mtu mmoja ambaye watu wa Bunda, Musoma na Butiama wanamfahamu vizuri: Ester Amos Bulaya. Katika muda wa miaka 15 mwanasiasa huyu ameingia bungeni kwa viti maalumu vya CCM, akawa mbunge wa jimbo kwa tiketi ya CHADEMA, akashindwa, akarudi bungeni kwa viti maalumu ambavyo chama chake kilivikana, akafukuzwa uanachama, akaenda mahakamani, na mwaka 2025 akasimama tena jimboni akiwa na bendera ya CCM. Karibu kila kanuni inayohusu ubunge katika nchi hii imemgusa. Ukiielewa safari yake, umeielewa na kura yako.

Tuseme mapema: hatumpigii mtu kampeni wala hatumhukumu mtu. Yaliyomo humu ni mambo yaliyotokea hadharani, na sheria inavyosema.

Mlango wa kwanza: viti maalumu

Bulaya, aliyewahi kufanya kazi ya uandishi wa habari, aliingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kupitia viti maalumu vya CCM. Bunge lile ndilo lililoongozwa na Anna Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu.

Viti maalumu ni nini? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 66, inasema lazima kuwe na wabunge wanawake wa viti maalumu wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wote. Haikuanza hivyo. Mwaka 1985 viti vya wanawake vilikuwa 15 tu. Vikaongezwa kidogo kidogo, na kufikia mwaka 2015 vilikuwa 113.

Viti hivyo havipigiwi kura na mimi na wewe moja kwa moja. Utaratibu wake ni huu. Kwanza, vyama vinashindana katika uchaguzi mkuu. Pili, kila chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge nchi nzima kinapata haki ya kugawiwa viti, kwa kadiri ya kura zake. Tatu, chama kinakuwa kimepeleka Tume ya Uchaguzi orodha ya majina ya wanawake, yakiwa yamepangwa kuanzia wa kwanza kushuka chini. Nne, Tume inahesabu: chama hiki kina viti kadhaa, basi inachukua majina ya juu ya orodha mpaka idadi itimie.

Kwa hiyo kura yako ya ubunge inafanya kazi mbili. Inamchagua mbunge wa jimbo lako, na wakati huohuo inaongeza uzito kwenye mizani ya viti maalumu vya chama hicho. Lakini nani awe juu ya orodha na nani awe chini, hapo wewe huna sauti. Hiyo ni kazi ya chama na jumuiya yake ya wanawake. Mwanamke wa namna hii akitaka kurudi bungeni awamu nyingine, watu wa kwanza anaopaswa kuwaridhisha ni wajumbe wa chama chake.

Shika hoja hiyo ya orodha. Tutaikuta tena mwaka 2020, na ndiyo itakayoleta mzozo mkubwa kuliko yote.

Jimbo ni kitu kingine

Ndani ya ukumbi wa Bunge, mbunge wa viti maalumu na mbunge wa jimbo wana haki sawa ya kusema, kuuliza maswali na kupiga kura. Tofauti inaonekana ukitoka nje ya ukumbi.

Mbunge wa jimbo ana eneo lake na watu wake. Ndiye mwenyekiti wa kamati inayosimamia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha za mfuko huo ndizo mnazosikia zimenunua mabati ya zahanati, saruji ya darasa au bomba la kisima. Mbunge wa viti maalumu hana mfuko huo, kwa sababu hana jimbo. Akiombwa bati na wanakikundi, anatafuta mwenyewe pa kulitoa.

Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui. Katiba inataka Waziri Mkuu atokane na wabunge wa kuchaguliwa jimboni. Mwanamke wa viti maalumu anaweza kuwa waziri, lakini Waziri Mkuu hawezi kuwa, hata angekuwa hodari kiasi gani.

Ndiyo maana wanawake wengi wenye ndoto ya kufika mbali huvitumia viti maalumu kama shule, kisha wakaenda kutafuta jimbo. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alianza hivyo: mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kupitia viti maalumu, na mwaka 2010 akashinda jimbo la Makunduchi. Lakini kuvuka kutoka viti maalumu kwenda jimboni si kazi ndogo. Jimboni unakutana na mwanaume ambaye amekaa hapo miaka, ana watu wake kila kata, ana gari na ana jina.

Huko Bunda, jina hilo lilikuwa Stephen Wasira.

Mwaka 2015: Bunda Mjini

Wasira si mtu mdogo katika siasa za Mara. Aliingia bungeni mwaka 1970 akiwa kijana, kwa jimbo la Mwibara. Amekuwa waziri katika awamu mbalimbali. Na wazee wa Bunda wanakumbuka kwamba naye aliwahi kuhama: mwaka 1995 aligombea Bunda kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akamshinda Jaji Joseph Warioba, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu. Kesi ikaenda mahakamani na ushindi ule ukatenguliwa. Baadaye Wasira alirudi CCM, na kuanzia mwaka 2005 alikuwa mbunge wa Bunda kwa vipindi viwili.

Mwaka 2015 Bunda iligawanywa na likapatikana jimbo jipya la Bunda Mjini. Bulaya, ambaye bado alikuwa CCM, alilitaka jimbo. Julai mwaka huo akatangaza kuondoka CCM na kujiunga na CHADEMA. Ilikuwa ni wakati wa vuguvugu: siku chache baadaye Edward Lowassa naye akahamia CHADEMA, na vyama vinne vya upinzani vilikuwa vimeungana chini ya jina la UKAWA.

Hapa tusimame kidogo tuangalie muda. Bulaya alihama wakati Bunge lilikuwa limefika mwisho wa uhai wake. Angehama mwaka 2012, angepoteza ubunge palepale, kwa sababu ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti chake kinakuwa wazi. Ndiyo sababu wabunge wengi wanaotaka kuhama husubiri miezi ya mwisho. Si kwamba wameota usiku mmoja wakaamka na mawazo mapya. Sheria ndiyo inayowapangia kalenda.

Oktoba 25, 2015 Bunda Mjini ilipiga kura. Bulaya alipata zaidi ya kura elfu 28, Wasira akapata kama elfu 19. Waziri mzoefu alikuwa ameshindwa na mwanamke aliyetoka viti maalumu.

Na hakuwa peke yake mkoani. Tarime Mjini, Ester Matiko, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu wa CHADEMA, naye alishinda jimbo. Mkoa ambao wengi huusema kwa mila zinazompa mwanaume kiti cha mbele ulikuwa umepeleka akina Ester wawili bungeni kwa kura za majimbo, katika uchaguzi mmoja.

Kesi, na haki ya mpiga kura kuhoji

Matokeo yalipingwa. Wapiga kura wanne wa Bunda walifungua kesi Mahakama Kuu wakitaka ushindi wa Bulaya utenguliwe. Lilizuka kwanza swali kama wapiga kura wa kawaida wana haki ya kufungua kesi ya namna hiyo, na swali hilo likapanda mpaka Mahakama ya Rufani kabla shauri halijarudi kusikilizwa. Novemba 2016 Mahakama Kuu, ikiketi Musoma, ilithibitisha kwamba Bulaya alichaguliwa kihalali.

Somo hapa ni kwamba mpiga kura anaweza kuwa mlalamikaji. Sheria ya uchaguzi inatambua haki ya aliyepiga kura, au aliyekuwa na haki ya kupiga kura, kufungua shauri. Ila muda ni mfupi, kuna fedha ya dhamana ya gharama, na lazima uwe na ushahidi unaoshikika. Maneno ya kijiweni hayatoshi.

Miaka mitano migumu

Bungeni, Bulaya alikuwa miongoni mwa wasemaji wa kambi ya upinzani katika mambo ya kazi, ajira na vijana. Lakini wengi wanamkumbuka kwa mivutano.

Juni 2017 Spika, wakati huo Job Ndugai, aliamuru mbunge John Mnyika atolewe ukumbini. Ukatokea mtafaruku. Siku chache baadaye Bunge likaazimia kuwasimamisha Halima Mdee, mbunge wa Kawe, na Ester Bulaya, mbunge wa Bunda Mjini, wasihudhurie vikao kwa miezi kadhaa. Kwa mtu wa Bunda Mjini maana yake ilikuwa hii: kwa muda wote huo hakukuwa na mtu wa kusimama na kusema neno kuhusu maji, pamba au barabara za jimbo hilo. Adhabu alipewa mbunge, lakini kiti kilichobaki kitupu kilikuwa cha wananchi.

Mwaka 2018 yakaja makubwa zaidi. Februari 16 viongozi na wafuasi wa CHADEMA waliandamana Kinondoni, Dar es Salaam, wakati wa uchaguzi mdogo. Polisi walitumia nguvu, na mwanafunzi Akwilina Akwilini, aliyekuwa kwenye daladala, akauawa kwa risasi. Viongozi tisa wa CHADEMA walishtakiwa, wakiwemo Freeman Mbowe, Mdee, Matiko na Bulaya. Kesi ikiendelea, Mbowe na Matiko walifutiwa dhamana Novemba 2018 na kukaa mahabusu Segerea mpaka Machi 2019.

Machi 10, 2020 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani na kuwaamuru kulipa faini ambayo jumla yake ilikuwa shilingi milioni 350, ama waende jela miezi mitano. Fedha zikachangwa na wafuasi wao. Juni 2021 Mahakama Kuu ilifuta hukumu ile na kuamuru faini irudishwe.

Miaka mitano ya ubunge, sehemu yake kubwa ikapita kwenye korido za mahakama na nje ya ukumbi wa Bunge.

Mwaka 2020: orodha ya majina 19

Oktoba 28, 2020 Bulaya alirudi kwa wananchi wa Bunda Mjini na hakushinda. Jimbo lilikwenda kwa Robert Maboto wa CCM. Matiko naye alipoteza Tarime Mjini. CHADEMA ilisema uchaguzi haukuwa huru na ikayakataa matokeo. Nchi nzima ilibakiwa na mbunge mmoja tu wa jimbo, naye ni mwanamke: Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini, mkoani Rukwa.

Hata hivyo kura ilizopata CHADEMA zilivuka asilimia 5, kwa hiyo ilikuwa na haki ya viti maalumu 19. Viongozi wake walisema hawatapeleka majina, kwa kuwa kupeleka ni kuyakubali matokeo.

Novemba 24, 2020 wanawake 19 wa CHADEMA, wakiongozwa na Halima Mdee, waliapishwa na Spika jijini Dodoma. Bulaya na Matiko walikuwemo. Chama kikasema hakijapeleka orodha yoyote. Wabunge wale wakasema wameingia kihalali. Novemba 27 Kamati Kuu ya CHADEMA ikawafukuza uanachama wote 19.

Sasa rudi kwenye ile hoja tuliyokuomba uishike. Kwa mbunge wa jimbo, ubishi ungekuwa: je, wananchi walimpigia kura au hawakumpigia? Masanduku yangefunguliwa, fomu za vituo zingeletwa. Kwa viti maalumu ubishi ulikuwa juu ya karatasi moja: ni nani aliyeipeleka Tume, na kwa idhini ya nani? Wewe mpiga kura hukuwa na namna ya kujua, wala ya kuamua. Huo ndio udhaifu wa mlango huu. Unaingiza wanawake wengi bungeni, na hilo ni jema, lakini mhuri wa kuingilia uko mkononi mwa watu wachache.

Kwa nini walifukuzwa lakini wakabaki bungeni?

Swali hili tumeulizwa pengine kuliko yote. Kama ibara ya 71 inasema asiye mwanachama hana ubunge, hawa 19 walikaaje?

Jibu liko kwenye hatua za rufaa. Walipofukuzwa na Kamati Kuu walikata rufaa Baraza Kuu la chama chao, na wakati rufaa inasubiri ilihesabiwa kwamba jambo halijafika mwisho. Mei 2022 Baraza Kuu lilikutana. Kati ya kura 423, kura 413 ziliunga mkono wafukuzwe. Wakakimbilia Mahakama Kuu, na Spika Tulia Ackson akasema Bunge litasubiri mahakama.

Desemba 2023 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi. Iliona kwamba baadhi ya waliowafukuza katika Kamati Kuu ndio haohao walioketi tena Baraza Kuu kusikiliza rufaa. Ukiwa hakimu wa kwanza huwezi kuwa tena hakimu wa rufaa ya hukumu yako mwenyewe. Mahakama ikautengua uamuzi wa Baraza Kuu. Wabunge wale 19 waliendelea kuwa bungeni mpaka Bunge lilipofika mwisho mwaka 2025.

Waliokuwa upande wa chama walisema ni dhuluma: chama kinawakilishwa na watu kilichokwisha kuwakataa. Waliokuwa upande wa wabunge walisema haki ya kusikilizwa ni ya kila mtu, hata ndani ya chama. Wewe unaweza kuegemea upande wowote. Lakini ona kwamba katika mabishano yote ya miaka ile, hakuna mahali ambapo mpiga kura wa Bunda aliulizwa anataka nini.

Mwaka 2025: jina lilelile, bendera nyingine

Uhai wa Bunge ulipofika ukingoni, kalenda ileile ya mwaka 2015 ikajirudia. Bulaya alirudi CCM, akachukua fomu ya Bunda Mjini, na CCM ikamteua kuwa mgombea wake. Matiko naye alifanya vivyo hivyo Tarime Mjini. Mzee Wasira, aliyeshindwa na Bulaya miaka kumi kabla, sasa alikuwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara, nafasi aliyochaguliwa Januari 2025. Waliokuwa wapinzani wakali wakawa chini ya paa moja.

CHADEMA haikushiriki uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Kwa hiyo mpiga kura wa Bunda Mjini aliyemchagua Bulaya mwaka 2015 kwa sababu ya chama, hakukikuta chama hicho kwenye karatasi. Aliyemchagua kwa sababu ya mtu, alimkuta mtu yuleyule akiwa na rangi nyingine.

Wapo wanaosema mwanasiasa wa namna hii hana msimamo. Wapo wanaosema chama ni gari tu, muhimu ni abiria anakokwenda. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tukumbuke pia kwamba Tanzania hairuhusu mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba zuio hilo linavunja haki, lakini sheria haijabadilika. Mwanamke akikosana na chama chake leo, hawezi kusema "basi nitasimama kwa jina langu". Lazima atafute chama kingine au akae nyumbani.

Majirani na walio mbali wanafanyaje?

Ukivuka ziwa kutoka Musoma kuelekea kaskazini unafika upande wa Homa Bay, Kenya. Huko Katiba ya mwaka 2010 iliweka mwakilishi mwanamke kwa kila kaunti, jumla 47, na anapigiwa kura na wananchi wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake. Gladys Wanga alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Homa Bay mwaka 2013, akachaguliwa tena 2017, na mwaka 2022 akashinda ugavana wa kaunti hiyohiyo. Tofauti na kwetu, tangu siku ya kwanza alikuwa ameshaomba kura kila kijiji cha kaunti. Alipokuja kutaka kiti kikubwa, watu walikuwa wanamjua, na yeye alikuwa anazijua njia.

Tuende mbali zaidi, Canada. Nchi ile ina majimbo makubwa yenye mabunge na serikali zake, na kila moja lina waziri mkuu wake. Katika jimbo la Alberta yuko mwanamke anayeitwa Danielle Smith, ambaye naye aliwahi kuwa mwanahabari. Mwaka 2014 alikuwa kiongozi wa upinzani katika bunge la Alberta. Desemba mwaka huo yeye na wabunge wenzake wanane wakahamia chama tawala kwa mkupuo. Huko sheria haikuwavua ubunge. Waliinuka upande mmoja wa ukumbi wakaketi upande mwingine.

Lakini wananchi na wanachama walikuwa na lao. Miezi michache baadaye Smith alishindwa kura za maoni ndani ya chama chake kipya, akatoka kwenye siasa. Akawa mtangazaji wa kipindi cha redio huko Calgary. Mwaka 2022 alirudi, akashinda uongozi wa chama kilichounganisha vile viwili vya zamani, akawa Waziri Mkuu wa Alberta, na mwaka 2023 akashinda uchaguzi.

Weka safari hizi mbili pamoja. Canada mbunge anayehama anaadhibiwa au kusamehewa na watu. Kwetu anaadhibiwa na Katiba kwanza, na chama ndicho kinachoshika fimbo. Kila njia ina ubaya wake. Ya Canada inaweza kumpa mbunge nafasi ya kuwageuka waliomchagua. Ya kwetu inaweza kumfanya mbunge aogope chama kuliko anavyowaogopa waliompa kura.

Hili linamhusu nini mama wa kijijini?

Linamhusu kwa sababu ngazi ya kwanza haiko Dodoma. Iko kitongojini. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka mitano. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na sheria inataka angalau robo yao wawe wanawake. Hapo ndipo mwanamke wa Butiama au wa vijiji vya Bunda anapoweza kujifunza kusoma mapato na matumizi, kusimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kubishana bila kugombana.

Kama unafikiria kugombea siku moja, safari ya Bulaya inakuachia mambo manne ya kupima.

Moja, jua mapema unaomba ridhaa ya nani. Viti maalumu ni wajumbe wa chama. Jimbo, kata au kijiji ni wananchi wote. Kazi ya kuomba hairuhusu kuchanganya.

Mbili, usisubiri mwaka wa uchaguzi. Ukiwa kwenye viti maalumu vya udiwani, chagua kata unayoitaka na uanze kuitumikia ungali na nafasi.

Tatu, soma katiba ya chama chako, hasa sehemu ya nidhamu na rufaa. Wanachama wengi wanaifahamu siku wanapoitwa kujieleza.

Nne, ukitaka kuhama, fahamu kwamba sheria itakunyang'anya nafasi siku hiyohiyo, na waliokuchagua wana haki ya kuambiwa sababu kabla ya kusikia redioni.

Majibu kwa kifupi

*Mbunge wa viti maalumu anachaguliwa na nani?* Chama chake hupanga orodha, Tume hutangaza kwa kuangalia kura zetu za wabunge.

*Akihama chama?* Anapoteza ubunge, awe wa jimbo au wa viti maalumu.

*Akifukuzwa?* Naye anapoteza, lakini baada ya rufaa za chama na za mahakama kufika mwisho.

*Naweza kumwondoa mbunge wangu kabla ya miaka mitano?* Hapana. Katiba yetu haimpi mpiga kura uwezo huo. Chama kinao, wewe huna.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililofanya tuandike makala hii ndefu. Kwa sheria ilivyo leo, aliyempa mbunge tiketi ana nguvu ya kumwondoa kuliko aliyempa kura. Kura za maoni za vyama, zile zinazopigwa miezi kadhaa kabla ya uchaguzi mkuu, ndipo mengi yanapoamuliwa. Mwanachama asiyehudhuria mkutano wa tawi lake, mwanaume au mwanamke, anaacha wachache wamchagulie. Mkutano wa tawi ukiitishwa, nenda. Na kama ajenda ya wanawake haimo, inyooshee mkono uiulizie.